Nyaya za Umeme Katika Minara

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kazi ambayo huenda wengine watasema haituhusu sisi watu wa mashamba, ni ya mafundi tu: namna ya kupitisha nyaya za umeme ndani ya mabomba na kuzipandisha salama juu ya vitu virefu, kama minara ya matangi ya maji, minara ya makanisa na misikiti, milingoti ya simu na majumba ya ghorofa. Lakini subirini kidogo. Fundi hufanya kazi yake kwa siku mbili, akapokea ujira wake, akaenda zake. Wanaobaki chini ya mnara ni wenyeji, pamoja na watoto wao wanaokwenda kuteka maji.

Bonde la Kilombero ni nchi ya maji. Mtu akisimama Ifakara na kutazama upande wa machweo ataiona milima ya Udzungwa. Katika milima hiyo, mahali paitwapo Kihansi, maji huporomoka kwa kimo cha mita 850 hivi, na kuzungusha mitambo ya umeme iliyowekwa ndani ya pango lililochimbwa mwambani. Nguvu ya mitambo hiyo ni megawati 180. Kaskazini, kwa Kidatu, mto Ruaha Mkuu huzungusha mitambo mingine, ambayo ilianza kazi mwaka 1975, na nguvu yake yote ni megawati 204. Tena mto Kilombero wenyewe hutoa zaidi ya nusu ya maji yanayoingia Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa miaka mingi nguvu hizo zilipita juu ya vichwa vya wenyeji katika nyaya nene, zikaenda zake miji ya mbali, na mkulima wa mpunga aliyekaa chini ya nyaya akawasha koroboi. Baadaye, tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umeme umezidi kushuka na kuingia vijijini.

Basi umeme ukifika kijijini, huja na pampu. Na pampu hutaka tangi. Na kwa kuwa bonde letu ni tambarare, hapana kilima karibu cha kuwekea tangi ili maji yateremke yenyewe, hapana budi tangi liinuliwe juu ya mnara. Ninyi wanafunzi mwajua kwamba kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo wa kadiri moja na ule wa hewa ya dunia. Ndiyo sababu mnara hujengwa mrefu. Kisha watu husema, itakuwaje pampu ijue kwamba tangi limejaa? Hapo huwekwa swichi yenye boya: maji yakipanda, boya hupanda, swichi hukata, pampu hunyamaza. Na swichi hiyo iko juu, wala haifanyi kazi bila waya. Hivyo ndivyo waya wa umeme unavyopata safari ya kupanda mnara.

Kabla ya kwenda mbele nataka kusema neno moja ambalo mafundi wengi hawalisemi. Ya nini kupandisha volti 230 juu ya tangi la maji, ili kuendesha kijiswichi kisichohitaji nguvu yoyote? Boya laweza kutumwa kwa volti 12 au 24 tu, zitokazo katika kisanduku kilichoko chini, na kisanduku hicho ndicho kiwashe na kuzima pampu. Volti hizo hazimwui mtu wa kawaida hata akizishika. Gharama huongezeka kidogo, na mtu wa fedha atanung'unika; lakini mimi naona hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuulizia, kabla ya kununua hata futi moja ya bomba. Walakini ziko kazi zisizokubali hivyo. Taa ya ulinzi, taa nyekundu ya kuonya ndege juu ya mlingoti, vipaza sauti, hizo mara nyingi hutaka umeme kamili. Kwa hizo sharti tuwe na bomba zuri.

Bomba hilo mafundi huliita konduti. Asili yake ni ya kuchekesha kidogo. Katika miji ya Ulaya na Marekani nyumba nyingi zilikuwa na mabomba membamba ya gesi ya kuwashia taa. Umeme ulipokuja, mwishoni mwa karne ya 19, watu waliona hasara kuyang'oa, wakapitisha nyaya ndani ya mabomba yale yale. Wakatambua kwamba waya uliomo bombani hauguswi na panya, haukwaruzwi na kamba, haupigwi na jua, tena ukiharibika huvutwa ukatiwa mwingine bila kuubomoa ukuta. Tangu hapo yakatengenezwa mabomba kwa kazi hiyo yenyewe, ya chuma na baadaye ya plastiki.

Waya uliofungwa kwa kamba ubavuni mwa mnara ni rahisi, hakuna abishaye. Lakini mnara hautulii. Upepo huupiga waya ukajisugua kwenye ukingo wa chuma, kidogo kidogo, mchana na usiku. Siku ngozi yake inapokatika, mnara mzima huwa na umeme, kutoka juu hata nguzoni ambapo mtoto anaegemea ndoo yake. Na mnara hautoi alama yoyote. Haulii, wala haubadili rangi.

Sasa, bomba la namna gani? La plastiki haliozi kwa kutu wala halipitishi umeme, na bei yake ni nafuu. Lakini kuna plastiki iliyotengenezwa kwa kukaa ndani ya ukuta, ambayo ikiwekwa juani kwa miaka michache hukauka, ikawa kama ganda la yai. Ukiigonga kwa kidole inapasuka. Kwa mnara yafaa kuulizia ile iliyofanywa kustahimili jua. Tena plastiki hunenepa na kurefuka kwa joto kuliko chuma. Hebu tufanye hesabu, wanafunzi. Mita moja ya plastiki hiyo hurefuka kwa milimita 0.06 hivi kila joto linapopanda digrii moja. Bomba la mita 10, likitoka katika ubaridi wa alfajiri hata likapigwa na jua la saa nane, laweza kupanda digrii 30. Zidisheni: 0.06 mara 10 mara 30, ni milimita 18. Milimita 18 zikikosa pa kwenda, bomba hujikunja kama upinde, likang'oa vibano vyake, au likachomoka katika maungio na kuuacha waya wazi. Kwa hiyo fundi mwenye akili huweka kiungo chenye nafasi ya kutelezea, na vibano vyake hulishika bomba pasipo kulikaba.

Bomba la chuma lina nguvu zaidi, na juu ya mlingoti mrefu au mahali panapopita mifugo na magari mimi hulipendelea. Lakini liwe limepakwa zinki, maana chuma kitupu katika unyevu wa Kilombero hakidumu. Tena kila kipande kilichokatwa kwa msumeno huacha meno makali ndani ya mdomo wake, na meno hayo hukwangua ngozi ya waya wakati wa kuuvuta. Sharti yaondolewe kwa tupa, kisha fundi atie kidole apapase. Ni kazi ya dakika moja, nayo ndiyo huachwa mara nyingi kwa sababu haionekani. Na bomba la chuma lazima liungane lote, mwanzo hata mwisho, na waya wa ardhini. Kipande kimoja kilichokatika katikati ni hatari kuliko kama bomba lisingekuwapo, kwa kuwa watu huliamini. Jambo jingine la chuma: waya unaokwenda na waya unaorudi lazima vipite katika bomba moja. Ukiutia mmoja katika bomba hili na mwenzake katika lile, sumaku ya umeme hulitia joto bomba lenyewe.

Adui mkubwa katika bonde letu ni maji. Watu hudhani bomba likifungwa vizuri litakuwa kavu. Halitakuwa. Mchana hewa iliyomo hupanuka na kutoka. Usiku hupoa, ikavuta ndani hewa yenye unyevu, na unyevu ule hugeuka umande ukutani mwa bomba, kama jasho katika mtungi. Umande hukusanyika ukateremka mpaka mahali palipo chini kuliko pote. Mnara wa mita 10 ni kama mfereji uliosimamishwa. Kama mwisho wa mfereji huo ni sanduku la swichi, maji yatamiminika ndani ya swichi, na masika moja yatosha kuiozesha. Dawa yake si kuziba zaidi, bali ni kuyapa maji njia: mahali pa chini kabisa liwekwe boksi lenye kitundu kidogo upande wa chini, na bomba liingie katika sanduku la swichi kutoka chini au ubavuni, kamwe lisiingie kutoka juu. Kule kileleni mdomo wa bomba ukunjwe ukatazame chini kama shingo ya korongo anywaye maji, na waya kabla ya kuingia popote uning'inie kidogo, ili tone la mvua lidondoke badala ya kuufuata.

Lakini kitundu kisiwe kikubwa. Mnamfahamu nyigu yule ajengaye kwa udongo katika tundu la kila kitasa na kila mwanzi? Yeye hupenda mabomba kuliko sisi. Akiisha kuziba kitundu, maji hupanda. Sisimizi nao hufuata joto la umeme, wakaingia katika maungio ya nyaya. Basi kitundu cha milimita chache, kikaguliwe kila mwisho wa masika kwa kijiti chembamba, hali umeme umezimwa. Nazo zile nchi za bondeni zinazofunikwa na mafuriko, masanduku yawekwe juu ya alama ya maji makubwa ambayo wazee wanaikumbuka. Fundi mgeni haijui alama hiyo. Wenyeji ndio wamwonyeshe.

Katika kuvuta nyaya, kosa la kawaida ni choyo. Fundi ana nyaya nane na bomba moja jembamba, akazishindilia. Kanuni inayotumika sana ni kwamba nyaya zisichukue zaidi ya sehemu 40 katika 100 za nafasi ya bomba. Sehemu zilizobaki si hasara. Ni za hewa ya kuzipoza, na nafasi ya kuvuta bila kuchubua. Vilevile bomba lisipindwe kona kamili zaidi ya mbili kabla ya kuwekwa boksi la kufungulia, na kila pindo liwe la mviringo mpana. Ukiona watu watatu wanavuta waya mmoja kwa kelele kama wavutao mtumbwi kutoka mtoni, jueni ngozi ya waya imekwisha kuumia ndani. Wasitie grisi ya magari, maana huila ngozi hiyo. Poda kavu yafaa. Na ndani ya bomba pasiwe na kiungo cha waya hata kimoja. Viungo vyote viwe katika boksi, panapofunguka na kuonekana.

Juu ya kitu kirefu kuna jambo moja zaidi, nalo ni uzito. Nyaya tatu za shaba zenye unene wa milimita 2.5 za mraba zina shaba ya gramu 67 hivi kwa kila mita. Kwa mnara wa tangi wa mita 10 si kitu. Lakini kwa mlingoti wa mita 60 ni kilo 4 za shaba tupu, bila kuhesabu ngozi, nazo zote huning'inia kwenye skrubu ndogo za kileleni mwaka hata mwaka. Mwishowe waya huchomoka, na mara nyingi waya unaochomoka kwanza haujulikani ni upi. Ukiwa ni ule wa ardhini, taa itaendelea kuwaka kama kwamba hakuna lililotokea. Kwa sababu hiyo kila baada ya mita chache huwekwa boksi, na ndani yake nyaya hubanwa ili kila sehemu ijibebe yenyewe.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe aliye juu. Mwili wa mtu aliyelowa jasho huuzuia umeme kwa kadiri ya omu 1,000 hivi. Gawanyeni 230 kwa 1,000, mtapata miliampea 230. Basi miliampea 10 zatosha kuikaza mikono asiweze kuachia, na zikizidi 30 moyo na pumzi vimo hatarini. Lakini juu ya ngazi hazihitajiki hata kumi. Mshtuko mdogo, ambao mtu akiwa chini angeupiga ukelele tu na kucheka, ukimpata akiwa mita 10 juu humwachisha mkono mmoja, naye huanguka. Daktari atamkuta na shingo iliyovunjika, wala hataona alama ya umeme. Ndiyo maana fundi asiambiwe, "Usizime, watu wanataka maji, ni kazi ndogo." Kazi ndogo juu ya mnara haipo. Swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayepanda, si kwa mlinzi wala kwa mwalimu. Kisha apime kwa chombo kwamba waya hauna umeme, baada ya kukijaribu chombo chenyewe mahali panapojulikana kuwa na umeme.

Apande na mkanda uliofungwa kwenye mnara, si kwenye bomba. Vifaa vyake vivutwe kwa kamba baada ya yeye kufika, na chini pasisimame mtu. Ngazi, kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 mbali na ukuta. Ngazi ya chuma isipelekwe karibu na nyaya za njia kuu hata kidogo. Na mawingu meusi yakianza kukusanyika juu ya Udzungwa, ashuke. Asingoje kusikia ngurumo.

Maana ngurumo ni habari nyingine. Mwaka 1753 katika mji wa Saint Petersburg, mtaalamu mmoja, Georg Wilhelm Richmann, alitaka kuupima umeme wa mawingu. Alisimamisha chuma juu ya dari la nyumba, akauteremsha waya mpaka chumbani mwake, lakini hakuuunganisha na ardhi. Tufani ilipokuja, radi ilifuata waya ule, nayo haikupata pa kwenda ila kwake yeye. Akafa palepale. Ninyi tazameni: waya unaoshuka kutoka kilele cha mnara hata ndani ya nyumba ya pampu, bila ardhi, una tofauti gani na ule? Kwa hiyo mnara uwe na njia yake ya radi, ukanda wa shaba au chuma kinene, unaoshuka moja kwa moja mpaka vyuma vilivyokitwa ardhini. Na konduti ipite upande mwingine, isiandamane nao. Lakini kule chini vyote viunganishwe katika ardhi moja, mnara, bomba na njia ya radi, ili kimoja kisiwe na nguvu nyingi kuliko mwenzake na umeme ukaruka baina yao ukimpitia mtu.

Juu ya hayo yote nashauri ile swichi ya ulinzi inayokata yenyewe, punde inapoona miliampea 30 zimepotea njia. Haizuii mshtuko, bali huufupisha. Ina kitufe cha kujaribia, na mtu yeyote, hata mwanafunzi aliyeruhusiwa na mwalimu wake, aweza kukibonyeza kila baada ya miezi michache aone kama inakata. Ikikataa kukata, aitwe fundi.

Fundi gani? Katika Tanzania kazi hizi hufanywa na mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja, kila daraja na kadiri yake. Si adabu mbaya mwenyekiti wa kamati ya maji kuomba kuiona. Mtu anayestahili huitoa kwa furaha. Tena kamati iombe jambo la pili, ambalo ni muhimu kuliko karatasi: mafuniko ya maboksi yasifungwe mpaka wajumbe wawili wametazama ndani, umeme ukiwa umezimwa. Hawahitaji kuwa mafundi. Wataona kama kuna maji, kama waya umechubuka, kama umebanwa au unaning'inia.

Mwisho wa kazi, kabla umeme haujawashwa, fundi atapima ngozi za nyaya kwa chombo kinachosukuma volti 500. Kisipungue kipimo cha megaomu 1. Na kazi mpya iliyo nzuri hupita hapo kwa mbali sana. Aandike namba hiyo pamoja na tarehe, na karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa sanduku. Mwaka unaofuata, mafuriko yakiisha kushuka na njia za mashambani zimekauka, apime tena na kuandika namba ya pili chini ya ile ya kwanza. Ikiwa imeshuka sana, maji yamekwisha kuingia mahali fulani, nayo yatafutwe siku hiyohiyo, kuanzia boksi la chini kupanda juu.